Nilisema Ibumoso

Keza, mama yangu,

Nyumba imetulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mama yako amekupeleka Remera kusukwa, begi lako limefungwa na kufunguliwa mara tatu, na mimi nimekaa mezani na chai yangu na daftari lako la zamani la fizikia. Kurasa tupu ni nyingi kuliko zilizoandikwa. Sisemi kitu.

Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza, unakwenda chuoni. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomkabidhi begi mtu usiyemjua, yote hayo mama yako amekuandikia, halafu akaandika nakala ya pili ukipoteza ya kwanza. Mimi simo. Mtu aliyewahi kumsahau mtoto wake shuleni mpaka mlinzi akampigia simu hana ubavu wa kutoa maagizo.

Mimi nataka kukuambia kwamba nimepumua. Jana nimelala fofofo, mama yako anasema nilikoroma hadi akahamia chumbani kwako. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na minne sijalala hivyo. Miaka mitano, Keza! Nilidhani ni uzee, kumbe ni lile neno nililokuwa nimelikalia.

Unajua lilivyonitoka. Ulikuwa unapiga pasi, mimi nimesimama mlangoni najifanya natafuta funguo za pikapu. Nikasema, "Keza, siku ile ya fainali, mimi ndiye niliyekosea. Wewe ulisikia sawasawa." Hukuinua hata uso. Ukasema, "Ninajua, Papa." Halafu ukaongeza, "Nilikuuliza mara mbili." Halafu ukaniomba nikusogezee lile shati la bluu.

Nilikusogezea shati, nikatoka nje, nikainama kwenye gurudumu la pikapu kana kwamba lina pancha. Halikuwa na pancha. Nilikuwa nalia, ndiyo, baba yako mwenye sauti kubwa kuliko mtaa mzima. Na kwa sababu sikuweza kurudi ndani nikasema yaliyobaki, nayaandika hapa.

Nianzie mbali kidogo, maana yako mambo ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa uwanjani unakimbia.

Unakumbuka sikuwa kocha. Nilikuwa dereva. Yule mwalimu wenu wa michezo ndiye aliyeuleta ule mpira wa Kimarekani, ule mwepesi wa vitambaa, ambapo humwangushi mtu bali unachomoa kitambaa kilichoning'inia kwenye mkanda wake na yeye anasimama hapo hapo. Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga duka la spea Muhima mapema siku za Jumamosi na kuwabeba ninyi wasichana kumi kwa pikapu hadi kiwanja cha Gahanga. Nilikuwa nakaa kwenye nyasi nakula karanga na kucheka. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku, nikasema hawa Wamarekani hata kutengeneza kitu cha duara wameshindwa.

Mwalimu akahamishiwa Huye. Akaniachia filimbi na mfuko wa mikanda, akasema, "Papa Keza, ni wiki mbili tu, mpaka apatikane mtu." Mtu hakupatikana. Nikaanza kuangalia video kwenye simu dukani, wateja wanasubiri plagi mimi naangalia Wamarekani wanavyojipanga. Nikagundua kitu kuhusu mimi, Keza: napenda sana kupiga kelele watu wanisikilize. Dukani hakuna anayenisikiliza. Kule Gahanga nilikuwa nikipuliza filimbi watoto kumi wanasimama. Ulevi ule, usikie kwa mwingine.

Majina ya mipango yetu niliyatunga mimi, na mpaka leo najivunia. Muhima ni kupenya katikati, unajibana kama unavyojibana pale dukani kwangu siku ya sikukuu. Kimihurura ni kuzunguka, kwa sababu ya ule mzunguko wa barabara ambao ukiingia vibaya unazunguka mpaka petroli inaisha. Na Gahanga ni kurusha mbali kabisa, mwisho wa mji. Katika Gahanga, Divine alikuwa anakimbia pembe ya kulia, Ange pembe ya kushoto, kila siku hivyo hivyo, na wewe mrushaji unasubiri neno langu: kulia au kushoto. Neno hilo nilikuwa nakunong'oneza wewe peke yako sikioni, pembeni ya uwanja, ambako wapinzani walikuwa karibu kuliko wenzako. Mkono wangu ulikuwa wa kuwadanganya wapinzani. Niliwaambia mara mia, "Mkono unadanganya, fuateni mdomo."

Lugha ya timu ilikuwa Kiswahili, na hilo pia lilikuwa agizo langu. Nilisema ni kwa sababu Ange alitoka Bujumbura, wengine wazazi wao walikulia Kampala, kila mtu na lake. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ila nusu. Nusu nyingine ni kwamba Kiswahili ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri kuliko watu wa hapa. Nilizaliwa Mwanza, nikakulia Mwanza, Kinyarwanda nilikisikia kwa bibi yangu tu, cha "kula, nyamaza, njoo uoge". Nilikuja Kigali kijana mkubwa, ndevu zimeota, nikawa nacheka mwisho kila mahali kwa sababu mzaha ulikuwa unanichelewa. Walikuwa wananiita Mtanzania. Mpaka leo yuko jirani hanijui jina lingine.

Basi pale uwanjani nikapata pa kulipizia. Divine akisema "kuria" badala ya kulia, mimi naye! "Divine, sijakutuma kwa Wakurya, Wakurya wako Tarime, mimi nimesema kulia!" Ninyi mnacheka, yeye anacheka pia. Wiki iliyofuata akawa hasemi tena, ananyoosha kidole. Nililiona hilo, Keza. Nikasema ni mtoto mwenye aibu. Nyani haoni kundule, na nyani wa Mwanza ndiye kipofu kabisa.

Sasa tuingie kwenye fainali.

Ilikuwa siku moja kabla: kesho yake tunacheza na wale wasichana wa Dar, na sisi tunafunga mazoezi, na Divine akavunja ukimya wake. Akasema, "Papa Keza, bale ba Dar, Kiswahili iko nasikia yote. Tukisema neno, iko najua." Aliogopa hata kulitaja neno lenyewe. Na alikuwa na haki. Mtoto wa miaka kumi na minne aliona kitu ambacho kocha hajakiona. Mkasema wote kwa pamoja, tutumie Kinyarwanda basi, iburyo iwe kulia, ibumoso iwe kushoto. Wewe ukaniangalia. Ukauliza polepole, "Papa, utaweza?"

Nikaruka. "Mimi si Mnyarwanda? Nani amekwambia sitaweza?"

Ningesema tu, "Hapana, mama, maneno hayo mawili yananichanganya." Neno moja la kweli pale, na haya mengine yote yasingetokea. Maana kweli yalikuwa yananichanganya. Kila mara nilipoyasikia nilikuwa nasimama kwanza, nakumbuka bibi alikuwa anakula kwa mkono gani, ndipo napata jibu. Mtu wa namna hiyo hafai kuulizwa swali huku saa inakimbia. Lakini ningewaambiaje watoto niliowacheka?

Siku yenyewe unaijua kuliko mimi. Nakumbuka vumbi jekundu mpaka kwenye soksi, na wazazi waliokuja na viti vyao vya plastiki, na mama yako mwenye mwavuli ambaye hakujua sheria hata moja ila alikuwa anamwita refa "huyu bwana" kila dakika. Mlicheza, Keza. Mlicheza hadi kocha wa Dar akaacha kukaa. Muhima mara mbili, zote zikaingia. Ile Kimihurura yako ambayo wasichana watatu walishika hewa, ningali naiona.

Dakika ya mwisho wametuzidi alama mbili. Jaribio la nne, la mwisho, likipita hilo kombe letu. Nikaangalia: wote wamehamia upande wa Ange, kwa sababu mchana kutwa ulikuwa unarusha kwake. Upande wa Divine hakuna hata mtu. Pembe nzima tupu! Ukaja mbio, nikainama, mkono wangu ukanyooka wenyewe kuelekea kwa Divine, na mdomo wangu ukasema, "Gahanga. Ibumoso."

Ukauliza, "Ibumoso?" Ukarudia, "Papa, ibumoso?"

"Ibumoso! Kimbia!"

Hilo la kuniuliza nilikuwa nimelisahau kabisa, naapa. Jana uliponikumbusha ndipo sauti yako ya utotoni ilinirudia, na jinsi ulivyoangalia mkono wangu, kisha uso wangu.

Ulirusha kushoto, ulivyoambiwa. Wasichana wawili wa Dar wakaupiga chini, filimbi, kwisha. Na kule kulia Divine amesimama peke yake, mikono juu, hakuna mtu karibu naye hata hatua kumi. Alikaa hivyo muda mrefu baada ya filimbi.

Akaja anakulilia, "Kwa nini hukunipa? Nilikuwa peke yangu!" Ukamjibu, "Papa alisema ibumoso." Wote wakageuka kunitazama, timu, wazazi, mama yako na mwavuli wake. Nami nikasema, kwa ile sauti yangu, "Nilisema iburyo."

Keza, nataka unielewe vizuri hapa, si kujitetea. Wakati ule niliamini. Kichwani nilikuwa nimeona pembe ya Divine, basi nikadhani nimeitamka. Niliongeza na mkono: "Si mliuona mkono wangu ulikoelekea?" Kocha mzima anatoa mkono wake kuwa ushahidi, mkono aliokuwa anaapa kwamba ni mwongo! Na wewe ukasema, "Basi nilisikia vibaya."

Nilishukuru. Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote ninavyokuandikia leo. Moyoni nilisikia, afadhali.

Tukapanda pikapu. Wewe katikati, mama yako dirishani. Tumefika kwenye njia panda ya kwenda kwa shangazi yako, mama yako akasema, "Iburyo hapo, iburyo." Nikakata kushoto. Bila kufikiri, mwili wenyewe. Mama yako akapiga yowe, "Mon Dieu, iburyo nimesema, unatupeleka wapi?" Nikasema nimechoka, nikageuza gari. Nilikuangalia kwa jicho la pembeni, ulikuwa unaangalia mbele tu, mikono imeshika mkanda wako wa vitambaa. Nikajua. Na sasa najua kwamba na wewe ulijua.

Kutoka uwanjani mpaka ile njia panda nilikuwa mtu aliyekosea. Kuanzia pale nikawa mwongo.

Kulikuwa na nafasi nyingi za kusema. Usiku ule ule. Jumatatu yake. Divine alipoacha kuja kukuchukua asubuhi, ninyi ambao mlikuwa mnasukana nywele na kubadilishana viatu. Niliposikia amekuita mwizi wa kombe mbele ya darasa. Ulipokuja kuniambia hutaki kurusha tena, halafu hutaki kucheza kabisa, na mimi nikasema, kwa busara zangu, "Usivunjike moyo, kila mtu hukosea." Nilikwambia hivyo! Ulinitazama ukasema, "Ndiyo, Papa." Laiti ungenitukana.

Na ile ya masikio. Mama yako aliingiwa na wasiwasi kwamba husikii vizuri, maana mtoto mwenye akili asikie kinyume? Akakupeleka hospitali, nami nikawaendesha. Nilikaa kwenye benchi la nje. Mlitoka, mama yako ana furaha, anasema daktari ameyasifu masikio yako, mazima kabisa. Nikasema, "Mungu ni mwema." Nikaenda kununua soda tatu. Nilikufa kiofisa, kama tulivyokuwa tunasema Mwanza: unaumia ndani, usoni huonyeshi.

Kwa hiyo jana, baada ya wewe, nilimwambia mama yako pia. Alikaa kimya nikadhani ameelewa. Halafu: "Yaani ulinifanya nimpeleke mtoto mzima hospitali? Ulinilipisha teksi ya kurudi kwa masikio mazima?" Nikamkumbusha kwamba hatukupanda teksi, mimi ndiye niliyeendesha. Nilipaswa kunyamaza. Akahama chumba, na hiyo ya kukoroma ni kisingizio, sasa naona.

Lakini kilichonizidi jana ni kile ulichoniambia baadaye, tulipokuwa tunafunga begi. Nilikuuliza, kwa nini ulikubali? Kwa nini "nilisikia vibaya"? Ukasema, "Wale wazazi nyuma yako, Papa, walikuwa wameanza kucheka. Walikuwepo kwenye harusi ya mjomba."

Harusi ya mjomba wako. Ulikuwa na miaka tisa, nilidhani ulikuwa unacheza nje. Nilipewa kipaza sauti niwakaribishe wageni wa upande wa pili, nikachukua Kiswahili changu nikakivisha Kinyarwanda, nikatangaza kwa sauti, "Abageni bacu, murakaza neza!" Na hapa, ole wangu, umugeni ni bibi harusi. Nimewakaribisha mabibi harusi, na mbele yangu wamekaa wazee wenye mvi na fimbo. Mzee mmoja akachukua kitambaa chake akajifunika uso kwa haya kama mwali. Ukumbi ulivunjika mbavu. Nami nikacheka pamoja nao, nikaenda nyuma ya jikoni kunawa uso, nikakaa huko mpaka walipoanza kula.

Uliniona nyuma ya jikoni. Ndicho ulichoniambia jana. Uliniona, hukumwambia mtu, na miaka mitano baadaye, umri wa miaka kumi na minne, umesimama kwenye vumbi umeshindwa fainali, rafiki yako anakulilia, ukapima haraka haraka: "Au wamcheke Papa, au wanilaumu mimi." Ukachagua.

Keza, sijui nikushukuru vipi na sitaki kukushukuru. Yote mawili ni kweli. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kikubwa hivyo. Na ilikuwa kazi yangu mimi kukukinga wewe, si wewe kunikinga mimi. Nimekosa hapo kuliko nilivyokosa kwenye kulia na kushoto.

Kama kuna kitu nataka uende nacho, ni hiki, na sikisemi kama kocha. Usinifunike tena. Wala usimfunike mwingine hivyo, awe bosi, awe mume, awe nani. Mtu mwenye kosa lake akifunikwa na anayempenda, hakui. Mimi sikukua. Nilibaki na Kinyarwanda kile kile cha bibi kwa miaka mitano, kwa sababu ningejifunza ningekuwa nimekiri kwamba sikijui. Ungesema siku ile, "Hapana, Papa, ulisema ibumoso, nilikuuliza mara mbili," ningeona haya wiki moja. Labda mbili. Wangenitania, wangenipa jina. Halafu yangekwisha, na wewe ungekuwa bado unarusha.

Na ukiona mkono unasema hivi na mdomo unasema vile, uliza mara ya tatu. Hata kama anayeongea amekasirika. Hasa kama amekasirika.

Kule Mwanza watakucheka, nakuhakikishia. Utasema "kura chakura" watafurahi kama wameona sinema. Wacheke. Mimi nilipewa kicheko kama hicho nikaenda kukimalizia kwa watoto, wewe usikimalizie kwa mtu. Wakikuuliza unatoka wapi, waambie, na uulize neno usilolijua. Ukimkuta mzee yeyote wa kule anayekumbuka familia yetu, mwambie nilikuwa kijana mzuri lakini mwenye kelele, atacheka peke yake.

Sasa la leo.

Asubuhi nilikwenda kwenye mazoezi Gahanga kama kawaida. Nikawakalisha hawa wadogo ninaowafundisha siku hizi kwenye nyasi, na wazazi wao waliokuwa wamesimama pale nikawaita. Nikawaeleza fainali ile, mwanzo mpaka mwisho, nani alisema nini. Niliongea Kinyarwanda, Keza. Chote. Nilivuruga maneno mengi, mama mmoja akawa ananisahihisha kila baada ya sentensi, na wakacheka, ndiyo, walicheka hasa. Haikuniua. Kabinti kamoja ka mbele, meno mawili hayapo, kakauliza, "Kwa hiyo Keza hakukosea?" Nikasema, hakukosea. Kakasema, "Basi tungeshinda," kakaenda zake kunywa maji.

Baada ya mazoezi nikaenda kwa Divine. Unajua siku hizi yuko kwenye duka la mama yake, wanauza chakula cha kuku, si mbali na kiwanja. Nimepita mbele ya duka lile kila Jumamosi miaka yote hii bila kusimama. Nikanunua mfuko wa pumba, sisi ambao hatuna kuku. Akanitazama. "Papa Keza, iko nafuga sasa?"

Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikalisema. Alikuwa ameshika kopo la kupimia, akaliweka chini. Akakaa kwenye gunia. Akasema, "Mimi nilimuita mwizi. Mbele ya watu bote." Nikamwambia najua, na aliyemfanya aseme hivyo ni mimi. Akasema, "Hapana, mdomo ilikuwa yangu." Halafu akakasirika, na nilifurahi kumwona akikasirika: "Miaka mitano, Papa Keza! Mimi napita hapo kwenu nageuza uso, kumbe hakufanya kitu! Na wewe unaniona, unanisalimia mwaramutse!" Nikasimama nikayapokea. Alipomaliza akasema polepole, "Na ile ya Wakurya. Ile nayo iliniuma."

Nikamwomba msamaha na kwa hiyo. Sikumweleza sababu, sababu zangu zimeshachosha watu. Akajifuta uso kwa kanga, akahudumia mteja, nami nikawa nimesimama na mfuko wangu wa pumba sijui niende au nibaki.

Ndipo akauliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia, saa kumi na moja na nusu, stendi ya Nyabugogo. Akauliza na hili: kama nilidhani utakubali kumwona. Nikasema mimi siwezi tena kukusemea wewe kitu chochote, aje ajionee. Akafikiri. Akasema atakuja, lakini nisikuambie, anataka akukute bila wewe kujiandaa, maana ukijiandaa utamsamehe haraka na yeye hataki haraka.

Nilimwitikia. Halafu njia nzima ya kurudi nikawa najisemea, hebu mzee, umeanza tena? Siri nyingine, ya kumficha Keza tena, na kesho ndiyo unamsindikiza?

Ndiyo maana barua hii unaipata leo jioni mezani, si kesho ndani ya basi. Divine atakuwa Nyabugogo kabla ya saa kumi na moja. Usimwambie kwamba hakuna neno, kwa sababu neno lilikuwepo. Mwache aseme, na wewe useme yako, yale uliyoyameza kwa ajili yangu, yote, hata yale yanayonihusu, hata kwa sauti. Mama yako na mimi tutabaki kwenye pikapu na vioo tumefunga.

Papa